Walipoitwa Wasomaji

Ukimwuliza mtoto wa leo, "Unasoma?" atakutajia shule yake na darasa lake. Neno kusoma limehamia shuleni na kukaa huko pamoja na mitihani. Lakini, wapendwa, wazee wetu wa imani walilijua neno hili kwa namna nyingine.

Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na wa Kikatoliki mwaka 1879. Walioanza kuifuata imani mpya waliitwa basomi, yaani wasomaji, kwa kuwa kuingia katika dini kulikuwa ndiko kusoma. Kabla ya vitabu vya Kiluganda kuchapwa, walijifunza kwa vile vya Kiswahili vilivyotoka pwani. Wala hawakungoja jengo la shule. Mapadre wa Kikatoliki walipoondoka mwishoni mwa 1882, wakakaa mbali hadi 1885, waumini hawakutawanyika. Huko Mityana walikutana nyumbani kwa Matia Mulumba, wakafundishana. Mwaka 1886 Mulumba aliuawa, na wasomaji wenzake wengi, Wakatoliki na Waanglikana, waliuawa pia. Imani waliyoifia ilikuwa imelelewa majumbani mwao.

Pwani nako tuna la kujifunza. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alifika Unguja mwaka 1864. Aliketi na wenyeji wakamsimulia hadithi zao, akaziandika, na mwaka 1870 akazitoa katika kitabu. Humo mna kisa cha Sultani Darai na cha Punda wa Dobi. Mtu huyohuyo ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kufasiri Maandiko kwa Kiswahili. Hakuona kuwa hadithi ya punda inamwondolea heshima ya uchungaji. Aliyetaka watu wasome Neno aliyapenda kwanza maneno yao.

Na sisi je? Tuseme kweli. Katika nyumba zetu nyingi Biblia imo kabatini, imefunikwa kitambaa, inatoka Jumapili. Mtoto akicheza tunamfokea, "Nenda kasome!" Akikosea tunamwadhibu kwa kumnyima mchezo na kumpa kitabu. Tumekigeuza kitabu kuwa kiboko, kisha tunashangaa anapokikimbia. Hatukuwa na nia mbaya. Tulihofia matokeo ya mtihani. Lakini mtoto anayesoma kwa hofu huacha kusoma siku hofu inapokwisha, na siku hiyo huiacha hata Biblia tuliyomkabidhi alipopata kipaimara.

Basi tukirudishe kitabu nyumbani. Baada ya chakula cha jioni tuzime televisheni, tuweke simu kando, tukae mkekani robo saa tu. Mtoto achague mwenyewe: leo sungura na fisi, kesho Daudi na Goliathi. Mkubwa asome kwa sauti, abadilishe sauti fisi anapoongea, wacheke. Mtoto akikosea neno, tumsaidie bila kumkemea. Baba naye aonekane akisoma, maana mtoto hufuata anachokiona kuliko anachoambiwa. Bibi asiyejua kusoma tusimwache nje. Mjukuu amsomee, naye bibi alipe kwa hadithi isiyomo kitabuni. Kama vitabu ni haba, kimoja kinatosha kuanzia, na jirani ana kingine cha kuazimana.

Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo aliitaja imani ya Loisi bibi yake na ya Eunike mama yake, akamkumbusha kwamba ameyajua Maandiko tangu utoto. Hatusomi kwamba walimtahini. Tunaona tu kwamba aliyapokea kwa watu waliompenda.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Tumkunje kwa upole, jioni hii, tukianza na ukurasa mmoja, ili naye siku moja aitwe msomaji kama walivyoitwa wale wa kwanza.