Muti mwekundu kwenye kiwanja: erabli ao umuko?

Kila mwezi wa kumi ndugu zetu walio Canada wanatuma picha za erabli: majani mekundu, mengine manjano, barabara nzima kama inawaka. Kisha swali linatufikia sisi tuliosoma kilimo: naweza kupanda hii muti Pinga? Wapendwa, erabli nyekundu Pinga hapana, na udongo hauna kosa.

Erabli inabadilisha rangi juu siku zinafupika na usiku unakuwa wa baridi. Klorofili, ile kijani, inavunjika; manjano iliyokuwa imefichwa inaonekana, na nyekundu inatengenezwa na sukari iliyobaki ndani ya jani. Pinga iko karibu digrii 1 kusini ya ikweta. Mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. Nani ataambia muti kwamba wakati umefika?

Kutafuta miti mbali hakukuanza na sisi. Mwaka 1900 utawala wa Léopold II ulianzisha bustani ya Eala, karibu na Mbandaka ya leo, kujaribu mimea ya faida toka nchi zingine. Upande wa urembo, kulikuja jakaranda toka Amerika ya Kusini na flamboyant toka Madagascar, zikapandwa kwenye avenue za miji. Mimi naona ni pale tulianza kuamini kama muti mzuri ni ule wa ng'ambo.

Lakini Erythrina abyssinica ilikuwa hapa Maziwa Makuu mbele ya wakoloni. Kwa Kinyarwanda ni umuko. Kiangazi inaangusha majani, matawi yanabaki matupu, halafu maua mekundu yanajaa. Masimulizi ya Lyangombe, yanayojulikana toka Rwanda mpaka Bushi, yanasema nyati alimpiga pembe, na muti huu ndio ulimpokea akikufa. Wafuasi wake wakauheshimu, ibada ikafanyika penye umesimama. Wamisionari walipiga vita ile ibada. (Muti wenyewe haukuwa umekosea mtu.)

Tena wazee hawakuupanda juu ya maua tu. Unakata tawi, unalisimika chini, linaota: ni lupango, ni mupaka. Kwetu, penye familia zinakimbia vita na kurudi, nyumba inaweza kuungua na karatasi za kiwanja zikapotea, lakini muti wa mupaka unaweza kubaki umesimama, na majirani wanaujua. Jakaranda moja katikati ya uwanja haionyeshi mupaka wa mtu.

Kwa yule anataka rangi nyumbani: kata tawi nene sawa mkono mwisho wa kiangazi, acha kidonda kikauke kivulini siku chache, lisimike mvua ikianza. Uwe mbali kidogo na ukuta juu matawi yanapanuka. Na mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zina sumu, watoto wasizichezee.