Gasketi ya Shaba

Jiko lilikuwa la mama, na mkaa ulikuwa wake pia. Ndiyo maana alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akimtazama babu akiweka bamba la shaba nyekundu juu ya moto, mahali ambapo nusu saa kabla palikuwa na sufuria ya maharage. Babu alisubiri mpaka shaba ikaiva wekundu hafifu, akaibana kwa koleo na kuitumbukiza kwenye ndoo. Mvuke ulipanda hadi kwenye kamba ya nguo.

"Sasa imelainika," alisema. "Chuma ukikifanyia hivi kinakuwa kigumu. Shaba ni kinyume chake."

Nyuma yake, juu ya stendi nne, ilikaa Starlet yangu bila silinda hedi, imefunikwa kwa kanga ya mama, kanga ambayo hajaacha kuiulizia mpaka leo. Uwanja wa nyumba yetu Manzese unatosha gari moja na kamba mbili za nguo. Hapo ndipo nilipojenga gari la mbio.

Vijana wenzangu wanaopenda magari huamini kwamba mchezo huu ulikuja na YouTube na meli za Japani. Mimi pia niliamini hivyo. Kabla ya gasketi kuungua, nilimwona babu kama mzee wa kunishikia tochi.

Babu aliingia Dar es Salaam akitokea Morogoro mwaka 1965, ana miaka kumi na mitano, akapata kazi ya kuosha spea kwa petroli kwenye gereji moja mjini. Miaka miwili iliyofuata, jiji hilo dogo lilitoa gari lililoshinda mashindano yaliyohesabika kuwa magumu kuliko yote duniani, likashinda mara mbili mfululizo. Mwaka 1966 na tena 1967, Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar, na msoma ramani wake Chris Rothwell walishinda East African Safari kwa Peugeot 404. Shankland hakuwa tajiri wa kucheza na magari. Alikuwa mtu wa gereji, akifanya kazi kwa Tanganyika Motors, mawakala wa Peugeot. Babu hulitamka Pijo, kama wazee wote wa rika lake.

Niseme wazi kwamba babu hakuligusa gari lile. Nalisema kwa sababu sijakutana na mzee wa gereji wa umri wake ambaye hadai kulikaza nati. Yeye anasema alilitazama tu, kutoka ng'ambo ya barabara, mdomo wazi, hadi msimamizi wake akamrushia tambara.

Kuelewa ushindi ule kunahitaji kuelewa barabara. Safari ilianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na mwanzoni magari yaligawanywa kwa bei zake dukani, yakishindana yakiwa karibu kama yalivyouzwa. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kilomita kwa maelfu. Mashindano yalipohamia wakati wa Pasaka yakakutana na masika, na hapo udongo ukawa mshindani wa kwanza. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Timu za viwanda zilileta madereva wakubwa kutoka Ulaya mwaka baada ya mwaka, lakini mpaka 1972, Hannu Mikkola na Gunnar Palm walipofika na Ford Escort, hakuna aliyetoka nje ya Afrika Mashariki aliyewahi kushinda.

Kwa nini? Jibu la kawaida ni kwamba wenyeji walizijua njia. Ni kweli, ila ni nusu ya jibu. Wenyeji walijua pia nini huvunjika. Joginder Singh, aliyeshinda 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, alikua akishika spana, na Volvo yake ya ushindi lilikuwa gari lililokwisha kutumika. Kwa lugha yetu ya leo, mtumba. Watu hawa walitengeneza gari wakiwa na shimo fulani akilini, mahali fulani kati ya Dodoma na Iringa, na wakakaza kile ambacho shimo hilo lingelegeza. Picha zilizobaki zinaonyesha madereva wawili wameketi juu ya boneti, mashada shingoni. Waliolala chini ya gari usiku hawamo kwenye picha.

Kutoka kipindi hicho babu alibaki na tabia moja. Msimamizi wake alimfundisha kwamba nati ikishakazwa, unachora mstari mdogo wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma iliyokalia. Nati ikisogea, mstari unakatika. Huhitaji spana kujua, unahitaji macho. Amezichora hivyo nati za magari yote aliyowahi kushika, pamoja na cherehani ya bibi.

Kisha barabara ikafungwa. Katikati ya miaka ya 1970 Safari ikabaki Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Vita vya Kagera vikaja, fedha za kigeni zikakauka, na petroli ikawa ya kuhesabu. Kulikuwa na miaka ambayo Jumapili, ikigonga saa nane mchana, gari binafsi lilipaswa kuwa limeshaegeshwa. Mnaolalamikia foleni ya Morogoro Road, jaribuni kuiwaza ikiwa tupu mchana wa Jumapili, kwa amri.

Babu alihamia Manzese katika miaka hiyo. Mtaa ulikuwa umejengwa na watu wenyewe bila kumuuliza mtu wa mipango miji, na badala ya kuubomoa, serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia iliamua kuuboresha: barabara, maji, taa. Umeme ulipofika karibu, kuchomelea kukawezekana. Gereji zikaota kama uyoga, chini ya miembe na kwenye vichochoro.

Spea hazikuwepo. Lakini magari yalikuwepo, na yalitakiwa yatembee. Fundi aliyekosa bushi alikata tairi kuukuu. Pistoni ilichongwa kwa mkereza ili ya lori moja ikae kwenye lori jingine. Kule Kibaha jeshi lilikuwa likihangaika kubuni lori lake lenyewe, Nyumbu, na vichochoroni mafundi wasiojua kuchora walikuwa wanafanya jambo linalofanana na hilo, kipande kwa kipande, bila jina. Hata kuwa na spea kulikuwa na hatari yake. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine ulipoanza, babu alilala usiku mzima akijiuliza afanye nini na matairi mawili mapya ya mteja yaliyokuwa uvunguni. Aliyarudisha alfajiri, akiyabingirisha kwa mguu, kama mtoto anayecheza.

Na gasketi za silinda hedi? Zilikatwa kwa mkono. Mara nyingine kwa kadibodi iliyopakwa mafuta, ambayo ilidumu safari moja. Ukibahatika kupata shaba, ilidumu miaka.

Kuanzia 1984 mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa, na mlango ule mdogo haukufungwa tena. Miaka ya 1990 yakaanza kuingia magari yaliyotumika ya Japani, usukani upande wetu, bei ya mwalimu aliyejikusanya. Starlet yangu ni mjukuu wa mlango huo. Ni EP82, chini ya tani moja, gari la kupelekea watoto shule. Toyota hao hao waliwahi kutengeneza toleo lenye injini ya ukubwa ule ule, sentimita za ujazo 1331, ila ikiwa na tabo, kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa ekzosi kikisukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Nguvu za farasi 135. Niliipata Ilala ikiwa bado ndani ya nusu ya mbele ya gari lililokatwa Japani, taa na redieta vikiwa mahali pake. Nikauza pikipiki iliyokuwa ikinilipia kodi ya chumba, nikarudi kuishi kwa mama.

Hapa lazima nimtaje kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza injini. Alikuwa akishindana usiku, barabarani, saa tisa, magari mawili mawili, wenzao wakitazama simu kama kuna polisi mbele. Hakufia kwenye mashindano. Alikuwa anarudi nyumbani, mshindi, na mbele yake kulikuwa na mkokoteni usio na taa. Mwenye mkokoteni alivunjika mguu. Kaka hakufika hospitali.

Kwa hiyo nilipoileta injini ile uani, mama hakunisemesha siku tatu. Babu alikuja na bisibisi, akafungua vibao vya namba, mbele na nyuma, akavifunga kwenye gazeti na kuviweka kabatini mwake.

"Mume mwenzangu," aliniambia, kwa utani wa babu na mjukuu, lakini hakuwa anatania. "Gari hili halikanyagi lami. Litabebwa kwenda kwenye mashindano, litabebwa kurudi. Ukikubali, nitakusaidia. Ukikataa, nitalikata."

Nilikubali. Sijawahi kumwuliza angelikata kwa nini, maana gesi hakuwa nayo.

Tulichomelea kizimba cha mabomba ndani ya bodi, tukang'oa viti vya nyuma, mazulia, redio, mikanda ya milango. Fundi mkereza wa mtaa wa pili alitutengenezea bushi ngumu. Kwa miezi mitano mtaa mzima ulikuwa na maoni. Kisha nikafanya kosa ambalo ni la Dar es Salaam kabisa. Silinda hedi ilikuwa imepinda kidogo, nikaipeleka kuskimiwa. Kila gereji hapa huskimu; ni kama kunyoa ndevu. Hakuna aliyeniuliza kama injini ina tabo, na mimi sikuwaza. Kuskimu kunapunguza nafasi iliyo juu ya pistoni, hewa inabanwa zaidi, joto linapanda. Kwenye injini ya kawaida utapata hata nguvu kidogo. Kwenye injini ambayo tayari inasukumiwa hewa, petroli inaweza kulipuka yenyewe, bila amri ya plagi. Juu ya hilo nikaongeza presha ya tabo, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na sita na skrubu ilikuwa mkononi.

Siku ya kwanza ya majaribio, kwenye kiwanja cha kuazima nje ya mji, nilisikia injini ikigonga kama kokoto ndani ya kopo. Nikadhani ni ekzosi. Dakika mbili baadaye oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nilikaa chini nikapiga hesabu. Gasketi ya aina ile, nene kufidia chuma kilichoskimiwa, ilikuwa ya kuagiza nje, na sikuwa na pikipiki nyingine ya kuuza. Babu aliishika gasketi iliyoungua, akaigeuza juani, akaniuliza unene ninaoutaka ni kiasi gani. Nikamwambia. Akaenda kuongea na mtu Gerezani, akarudi na bamba limezungushiwa gunia.

Alitumia gasketi mbovu kama pateni. Alikata matundu ya silinda kwa msumeno mwembamba, siku mbili, akiimba kwa sauti ya chini. Matundu ya bolti aliyapiga kwa bomba lililonolewa. Nilipotafuta mtandaoni niligundua kwamba watu wanaojenga magari ya mbio Marekani hununua gasketi za shaba kwa makusudi, kwa sababu haziungui kirahisi, na kwamba wao pia huzipasha moto zilainike kabla ya kufunga. Nilimwonyesha picha. Alitazama kwa muda.

"Hawa wanapaka nini kwenye matundu ya maji?" aliuliza. Udhaifu wa shaba ni maji, alikuwa anaujua tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Tukapaka silikoni, tukakaza bolti kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Nikarudisha ile skrubu ya presha ilikokuwa. Babu akachora mistari yake myeupe.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya vumbi, duara lililozungushiwa matairi, raundi tatu za mizunguko kumi. Starlet ilipelekwa mgongoni mwa lori. Magari yalikuwa tisa, mengi yana nguvu kuliko langu, na moja la kijana wa Masaki lilikuwa na vifaa ambavyo ningeweza kuvinunua kwa kuuza nyumba ya mama. Lilisimama raundi ya pili, moshi mweupe. Mimi nilimaliza zote, wa sita. Kwenye kona ya mwisho niligusa matairi, na kwa nusu sekunde nikaona mkokoteni ambao haukuwepo.

Nilipozima injini babu hakunipongeza. Alifungua boneti, akatoa miwani mfuko wa shati, akainama. Alipitisha kidole juu ya kila mstari, silinda hedi kwanza, kisha manifoldi, kisha akaniambia nipandishe jeki upande wa kushoto. Alilala chali kwenye vumbi, na shati lake la Ijumaa.

"Hii imesogea," sauti ilitoka chini. "Lete kumi na saba."

Nikaenda kuitafuta.