"Sawa" isiyo sawasawa

Lenzi tatu za milimita 50, kamera tatu. Kwenye kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, kipimo cha filamu ya zamani, programu ya picha huonyesha 50 na kunyamaza. Kwenye Canon yenye kihisi cha APS-C huongeza: sawa na 80. Kwenye Micro Four Thirds: sawa na 100.

Kinachoponza hapo ni neno "sawa". Neno hili lenye asili ya Kiarabu limebebeshwa mizigo mingi: mtu akikubali husema sawa, fundi akitundika rafu huuliza kama iko sawa, na hesabu hupatikana kuwa sawa au si sawa. Basi anayesoma "sawa na 80" hudhani lenzi imerefuka. Haijarefuka hata unywele! Kihisi kidogo kimekata kingo tu, na kilicholingana ni upana wa mandhari.

Simu ndizo zimezidi. Picha ya iPhone 7 hubeba namba mbili ndani ya faili: milimita 3.99, ambao ndio urefu halisi wa fokasi, na 28 ya kulinganisha. Programu ikionyesha moja bila kusema ni ipi, mpiga picha huachwa njia panda.

Kwa watafsiri wa programu, "inalingana na" haisaidii sana. Nayo haisemi nini kinalingana. Afadhali waandike: "Lenzi 50, upana wa picha kama wa lenzi ya 80." Ni ndefu kidogo, lakini kwenye skrini inaenea.