Njia za Kudai Haki kwa Mwekezaji Aliyedhulumiwa na Dalali wa Hisa

Mwekezaji katika Soko la Hisa la Nairobi hununua na kuuza hisa kupitia dalali mwenye leseni. Dalali akiuza hisa bila idhini, akizuia malipo ya mauzo au akitumia fedha za mteja kwa shughuli zake, sheria za Kenya zinampa mwekezaji njia kadhaa za kudai haki.

Hatua ya kwanza ni kumwandikia dalali malalamiko na kuhifadhi nakala. Mwekezaji aombe pia taarifa ya akaunti yake ya CDS, inayoonyesha hisa zilizotoka na tarehe zilipotoka.

Asiporidhika na majibu, awasilishe malalamiko kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji, Sura 485A, Mamlaka inaweza kumtoza dalali faini, kusimamisha au kufuta leseni yake, na kumwamuru amlipe fidia aliyeathirika. Asiyekubaliana na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa mbele ya Baraza la Masoko ya Mitaji. Panapokuwa na dalili za wizi au ughushi, polisi huhusishwa.

Dalali akishindwa kabisa kulipa, upo Mfuko wa Fidia kwa Wawekezaji. Hata hivyo, fidia yake ina kikomo. Kampuni ya Nyaga Stockbrokers ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2008, kiwango cha juu cha fidia kwa kila mwekezaji kilikuwa shilingi 50,000. Aidha, Mfuko hauwalindi waliokabidhi fedha zao kwa watu wasio na leseni.

Kwa sababu hiyo, mwenye hasara kubwa asiisahau mahakama. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako mdai anaruhusiwa kujitetea bila wakili na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Madai makubwa zaidi hupelekwa katika mahakama za ngazi ya juu.

Wawekezaji wakumbuke kwamba madai ya kuvunjwa kwa mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, na yale ya uzembe ndani ya miaka 3. Kusubiri majibu ya malalamiko hakusimamishi muda huo.