Taka za uani zinavyogeuzwa mbolea Garissa

MTU akitaja taka za uani mjini Garissa, msomaji asifikirie nyasi zilizofyekwa bustanini. Katika mitaa kama Bulla Iftin na Bulla Punda, taka hizo ni majani ya mwarobaini, matawi ya mathenge yenye miiba na samadi ya mbuzi inayofagiliwa kila asubuhi.

Mengi ya majani mabichi huliwa na mbuzi kabla hayajazolewa. Yanayosalia mara nyingi huchomwa moto, ilhali kando ya Mto Tana, si mbali na hapo, wakulima wa ndizi, maembe na mapapai wanahitaji mbolea.

Chini ya Katiba ya 2010, uzoaji taka ni jukumu la kaunti. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 nayo inataka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Kwa wafugaji, sharti hilo si la karatasini tu: plastiki iliyochanganyika na majani humezwa na mbuzi na huweza kumwua.

Kwa kuwa mvua ni haba, shimo hufaa kuliko biwi, kwani huhifadhi unyevu. Matawi yaliyokatwakatwa hutangulia chini, yakifuatwa na majani makavu, samadi na udongo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka hunyunyiziwa maji, hata yale yaliyooshea mboga, kisha shimo hufunikwa kwa magunia. Kijiti kirefu huchomekwa katikati. Kikitoka kikiwa na joto, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu na baridi, maji yaongezwe. Mchanganyiko hupinduliwa kila baada ya wiki mbili au tatu, na huiva kwa muda wa miezi mitatu au minne.

Tatizo ni mathenge. Mti huu wenye asili ya Amerika ulipandwa nchini kukabiliana na jangwa, lakini ukasambaa hata serikali ikautangaza kuwa gugu hatari mwaka wa 2008. Mbuzi hupenda maganda yake matamu, na mbegu hupita tumboni zikiwa hai. Anayemwaga samadi mbichi shambani huenda akawa anapanda mathenge bila kujua.

Kwa hivyo maganda hayafai kutupwa shimoni. Ni heri yakusanywe, yakaushwe na kusagwa pamoja na mbegu zake yawe chakula cha mifugo. Mche wowote utakaochipuka kwenye mbolea nao ung'olewe mapema, kabla mzizi haujazama.