Mhandisi na Hisabati ya Mwaka wa Kwanza: Habari za Shule Moja ya Paris

Neno mhandisi limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kiajemi, andaza, yaani kipimo. Katika vitabu vya kale vya Kiarabu handasa ilikuwa ni elimu ya jiometri. Maana ya ujenzi ilifuata baadaye. Basi kwa jina lake tu mhandisi ni mtu wa vipimo. Lakini afundishwe hisabati ya namna gani aanzapo masomo? Swali hili lilizua ubishi mkubwa katika École Polytechnique ya Paris.

Shule hiyo iliundwa mwaka 1794, nayo ikapewa jina hilo mwaka 1795. Vijana walisoma hapo hisabati na sayansi kabla ya kwenda kwenye shule za kazi, kama ile ya madaraja na barabara iliyoanzishwa mwaka 1747. Gaspard Monge aliwafundisha kuchora juu ya karatasi bapa kitu chenye urefu, upana na kimo, hata mchonga mawe akajua akate wapi. Kwake yeye, hisabati na kazi ya mikono vilikwenda pamoja.

Augustin-Louis Cauchy alishika njia nyingine. Naye alikuwa mhandisi, aliyepata kufanya kazi katika bandari ya Cherbourg. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1821, alichowatungia wanafunzi wa shule hiyo, alitaka kila kanuni itajwe pamoja na masharti yake. Tutazame mfano. Tukijumlisha 1, 1/2, 1/4, 1/8 na kuendelea hivyo, jumla yakaribia 2 wala haipiti. Tukijumlisha 1, 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea, kila kipande ni kidogo kuliko kilichotangulia, ilhali jumla hupita kila idadi uitajayo. Macho hayatoshi kuzitofautisha. Hapana budi pawe na uthibitisho.

Wakuu wa shule walinung'unika kwamba masomo hayo yalikuwa marefu na yaliwafaa wanahisabati kuliko wajenzi. Cauchy aliondoka Ufaransa mwaka 1830, na mwaka uliofuata nafasi yake ilishikwa na Claude-Louis Navier, bingwa wa nguvu za vifaa vya ujenzi.

Navier mwenyewe alikwisha kuonja uchungu wa kazi. Mwaka 1826 daraja lake la kuning'inia juu ya mto Seine lilibomolewa kabla ya kufunguliwa, kwa kuwa majengo ya ardhini yaliyoshika minyororo yalisogea, na bomba la maji lililopasuka likazidisha madhara. Hapa twaona kwamba hesabu ya mnyororo si hesabu ya udongo unaoushikilia. Kanuni haina kosa ndani ya mipaka yake. Hatari ni kuivusha mipaka pasipo kujua.

Kwa hiyo madai ya pande mbili hayakupingana kama ilivyodhaniwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ahitaji matumizi ili aijue kazi, na uthibitisho ili aujue mpaka. Nasi tutungao istilahi za Kiswahili tuna sehemu yetu: neno kama kikomo lisiwe jina tupu la kukaririwa, bali lifafanuliwe pamoja na sharti lake. Kwani asiyejua sharti hajui kipimo, na asiyejua kipimo hastahili jina la mhandisi.