Maji ya ardhini: sheria za Ulaya zinasema nini, na wewe zinakuhusu vipi?

Ukichota maji kwenye kisima cha pampu, unachota mvua iliyonyesha zamani, ikapenya udongo na kukaa katika mchanga na nyufa za miamba. Huyaoni yakipungua wala yakichafuka, na yakishachafuka, kuyasafisha huchukua miaka mingi. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya umeyawekea sheria.

Kiasi cha maji
Sheria kuu ya mwaka 2000 inataka maji yanayovutwa yasizidi yale yanayorudishwa na mvua mwaka hadi mwaka, na mito inayotegemea maji hayo isikauke. Uvutaji wa maji unadhibitiwa kwa vibali.

Usafi
Sheria ya mwaka 2006 inasema nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita. Nitrati hutokana na mbolea, samadi na vyoo. Kila aina ya dawa ya wadudu au magugu isizidi mikrogramu 0.1 kwa lita. Kwa kawaida, uchafu unaoendelea kupanda ukifika asilimia 75 ya kiwango, hatua zianze. Hakuna kungoja maji yaharibike kwanza.

Sauti ya wananchi
Kila miaka 6 mipango ya maji hupitiwa upya. Wananchi huoneshwa rasimu na kupewa angalau miezi 6 kutoa maoni.

Hata hivyo, kazi haijaisha. Lengo lilikuwa mwaka 2015, lakini sehemu nyingi hazikulifikia, na muda ukasogezwa hadi 2027.

Kwako wewe, mkimbizi au mwenyeji
Sheria hizo hazitumiki hapa, lakini ardhi hufanya kazi vilevile. Kumbuka: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi nitrati. Nitrati ikizidi ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo.

Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinataka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Ukiona shimo linachimbwa karibu zaidi, iambie kamati ya maji siku hiyohiyo. Kuhamisha shimo ni rahisi kuliko kuhamisha kisima.